Muulize Fundi: Mlango Umefungwa, Rekoda Inasema Uko Wazi

Barua za mwezi huu zimenijia kama zimepanga safari pamoja. Karibu zote zinahusu zile rekoda za kamera za magari, boksi la chuma lenye kamera nne. Watu wamezifunga, picha inaonekana safi, kisha wamekwama kwenye mkia wa nyaya nyembamba za rangirangi unaobaki ukining'inia nyuma ya mashine. Hizo ndizo nyaya za triga. Kila mmoja kazi yake ni kuiambia rekoda jambo moja tu: breki imekanyagwa, indiketa ya kushoto inawaka, gia ya rivasi imeingia, mlango umefunguliwa. Rekoda ikishaambiwa, huweka alama kwenye kumbukumbu, huifungia ile video isifutwe, au humgeuzia dreva skrini aone kamera inayohusika.

Mafundi wengi huzikata na kuzizungushia tepu. Siwalaumu sana, nilifanya hivyo miaka mingi hapa Malaba, mteja alipe aende. Lakini sasa matajiri wanasoma ripoti, na watu wanafukuzwa kazi kwa ajili ya ripoti hizo. Nimechagua barua tano, nikazifupisha.

*Fundi, habari za kazi. Nina teksi, HiAce, inafanya Iganga na Kampala. Nilifunga rekoda nijue mlango unafunguliwa wapi na mara ngapi, maana hesabu za kondakta na zangu hazikutani. Wiki ya kwanza ripoti ilisema mlango uko wazi gari likikimbia kilomita 80 kwa saa, na umefungwa abiria wakipanda. Fundi akageuza kitu kwenye menyu, ikanyooka. Sasa mchana ni sawa, ila usiku inaonesha mlango wazi kuanzia Mabira mpaka Iganga. Kondakta anaapa umefungwa. Nimwamini nani? — Mwenye teksi, Iganga*

Mwamini kondakta, kwa hili la mlango. La hesabu mtajuana wenyewe.

Kosa la wiki ya kwanza ni la kawaida. Rekoda nyingi zikitoka dukani zinasubiri volti ipande ndipo zihesabu kuwa jambo limetokea. Kwa breki hiyo ni sawa, maana ukikanyaga, umeme unakwenda kwenye taa. Mlango wa HiAce unafanya kazi kinyume. Taa ya darini inapata chanya yake moja kwa moja kutoka kwenye fyuzi, na waya wake wa pili unateremka mpaka kwenye swichi ya mlango. Mlango ukifunguliwa, swichi inaugusisha ule waya na bodi ya gari, njia inakamilika, taa inawaka. Kwa hiyo kwenye waya huo mlango wazi ni volti 0. Mlango ukifungwa unasoma 12, kwa sababu umeme unapita kwenye balbu na kuja kusimama pale, hauna pa kwenda. Fundi wako alibadilisha triga kutoka "juu" kwenda "chini", na hapo alifanya vizuri. Ila alipima mchana, mlango wazi, mlango umefungwa, akafunga vifaa vyake.

Sasa panda kwenye gari lako uiangalie ile taa ya darini. Pembeni yake kuna kiswichi cha vituo vitatu: iwake daima, izime kabisa, na katikati ifuate mlango. Usiku gari likishapita Lugazi abiria wameanza kusinzia. Kila mmoja akishuka njiani taa inawamulika wote usoni, wanalalamika, na kondakta ananyoosha mkono anaizima kabisa. Hapo balbu imetengwa na waya wa mlango. Zile volti 12 zilizokuwa zimesimama pale zimekosa chanzo, na mlango ukiwa umefungwa athi, yaani njia ya kurudi kwenye bodi ya gari, nayo haipo. Waya umebaki hewani. Rekoda nyingi zina rezista ndani inayouvuta waya wa namna hiyo kuelekea athi ili usiyumbeyumbe. Mashine inasoma "chini", na "chini" tulishaiambia maana yake ni mlango wazi. Asubuhi mtu anarudisha kiswichi katikati, mlango unapona wenyewe.

Nimeligundua hili mara ya kwanza kwa kusafiri na gari la mteja usiku, nimekaa kiti cha nyuma ya dreva na multimita mapajani kama mtoto. Na hiyo multimita karibu inidanganye. Waya ulio hewani, multimita inaweza kukuonesha 3, ukisogea 7, ukigusa kwa kidole 1. Haivuti umeme wa kutosha kuujaribu. Ndiyo maana kwenye nyaya za taa ninapenda ile taa ya kupimia, yenye balbu ndani ya mpini na sindano mbele. Ipeleke athi, gusa waya wa mlango mlango ukiwa umefungwa na kiswichi kikiwa katikati: taa ya darini na ya mkononi zote zitawaka kwa unyonge, zimegawana mlo mmoja. Zima kiswichi, gusa tena: giza. Hapo umeuona ugonjwa kwa macho. Ila taa hiyo si ya kila mahali. Usiipeleke kwenye nyaya za kompyuta ya gari wala za mifuko ya hewa.

Dawa ni rilei, yaani swichi inayovutwa na koili ya umeme, bei yake ni rolex (chapati ya mayai) tatu nne na soda. Mguu wa 86 upeleke kwenye chanya ileile inayolisha taa ya darini, baada ya fyuzi yake. Wa 85 ukae kwenye waya wa swichi ya mlango. Wa 30 upewe chanya kupitia fyuzi ndogo ya ampea 1 au 2, na wa 87 ndio uingie kwenye triga. Kisha rudisha menyu iwe "juu". Sasa mlango ukifunguliwa swichi inaipa rilei athi, rilei inanasa, rekoda inapata 12 kamili. Kondakta azime taa, awashe, aing'oe akitaka, mlango utaendelea kusema kweli.

Kuna fundi atakayekuambia 86 iwekwe kwenye waya wa ufunguo. Mkatalie. Gari likizimwa, waya wa ufunguo unakuwa mtupu, na zile volti 12 zinazopitia balbu ya dari zitapata njia kwenye koili ya rilei kwenda kulisha vitu vya dashibodi polepole usiku kucha. Utaamka na betri imelala, umlaumu mwenye rekoda.

Na kabla ya yote, futa ile swichi ya mlango. Vumbi la marram likichanganyika na maji hukauka humo ndani kama saruji, na hapo si rilei wala menyu itakayokusaidia.

*Mzee Fundi, mimi ni dreva wa Fuso, ninachukua saruji Tororo kwenda Gulu. Tajiri ananitumia picha za ripoti eti ninakanyaga breki usiku kucha, ninamalizia breki zake, anataka kunikata mshahara. Mchana ripoti ni safi. Ikifika saa moja jioni inaandika breki mpaka kunapambazuka. Nimeendesha miaka kumi na minne, sijui breki gani ya kukanyagwa saa kumi na moja mfululizo. — Dreva, Tororo*

Ndugu dreva, saa moja jioni gari lako linabadilika jambo moja: unawasha taa. Basi ugonjwa uko kwenye taa.

Chomoa balbu ya nyuma uitazame dhidi ya jua. Ina nyuzi mbili ndani. Mwembamba ni wa pakingi, wati 5. Mnene ni wa breki, wati 21. Kila mmoja una waya wake wa chanya, lakini athi yao ni moja, ni kile kikombe cha balbu chenyewe. Nyuma ya Fuso kunakula matope, maji na unga wa saruji, na athi ya taa mara nyingi ni skrubu moja iliyochimbiwa kwenye chuma. Skrubu ikipata kutu, athi imekufa. Umeme wa pakingi ukifika kwenye balbu haupati pa kutokea, unageuka na kupanda uzi wa breki kinyumenyume, unaingia kwenye waya wa breki.

Kwa kawaida hapo ungevuka upande wa pili, ukatokea kwenye balbu ya breki ya kulia na kuishia kwenye athi yake, ukiacha volti chache ambazo rekoda haizijali. Kwa hiyo nina hakika na jambo la pili bila kuliona gari lako: kule upande wa pili uzi wa breki umeungua. Athi mbovu upande mmoja na balbu iliyoungua upande mwingine, yote mawili yakikutana, waya wa breki hauna pa kumwagia ule umeme na unapanda kufikia karibu volti zote 24. Rekoda inaona 24 kwenye waya wa breki. Unataka iseme nini?

Mwite tanboi asimame nyuma. Taa zote zikiwa zimezimwa, kanyaga breki. Kama taa za pakingi na ile ya namba zinawaka kwa mbali, kama mkaa unaokaribia kuzimika, ni athi. Umeme sasa unapita njia ileile kwa kurudi. Kisha mwambie aangalie kama kuna taa ya breki inayowaka sawasawa upande wowote. Nadhani atakuambia hakuna, na hapo hilo la mshahara liache kidogo, maana umekuwa ukienda Gulu usiku bila taa ya breki hata moja, umebeba saruji, na kuna mabasi nyuma yako.

Legeza skrubu ya athi, sugua chuma kwa msasa mpaka king'ae, kaza, paka grisi. Badilisha balbu, hakikisha ni za volti 24. Halafu pima waya wa triga mguu ukiwa mbali na pedali: taa zimezimwa 0, taa zimewashwa 0. Ukipanda hata kidogo taa zikiwashwa, bado kuna athi nyingine inayokusubiri.

Tajiri wako nisingemcheka. Mimi mwenyewe nilimponza dreva kwa waya wa breki. Nilifunga rekoda kwenye basi dogo la mtu mmoja, na triga ya breki nikaichukua nyuma, kwenye waya wa taa ya kushoto. Uvivu tu: kufika kwenye swichi ya pedali ilikuwa lazima nifungue skrubu kumi na moja za dashibodi. Miezi michache baadaye gari likaingia nyuma ya lori la ndizi. Ripoti ikasema breki haikukanyagwa. Dreva akaondolewa siku hiyohiyo.

Akaja kwangu. Hakuja na ugomvi, alikaa juu ya tairi akasema, "Fundi, mimi nilikanyaga." Tukaiangalia video ya kamera ya ndani pamoja, mara ya kwanza, mara ya tano. Mara ya sita nikaona mama mmoja mwenye kapu mapajani: kapu linateleza mbele na mama anajishika kwenye kiti, na mgongano bado haujatokea. Karibu sekunde mbili kabla. Gari lilikuwa linafunga breki. Nikaingia chini, nikafuata waya kutoka kwenye kiungo changu kurudi mbele. Kulikuwa na konekta imeliwa, kijani kitupu ndani. Taa ya kushoto haikuwa ikipata umeme, ya kulia ilikuwa ikiwaka kama kawaida. Niliichomoa ile konekta nikampelekea mwenye gari mkononi. Dreva alirudishwa kazini. Mimi nilitukanwa, na matusi yale yalikuwa yangu kweli.

Tangu siku hiyo triga ya breki ninaitoa kwenye swichi ya pedali, upande unaokwenda kwenye taa, skrubu ziwe kumi na moja au thelathini. Pale waya unasema habari ya mguu. Nyuma unasema habari ya taa. Na hakuna hata mmoja unaosema kama breki zenyewe zilishika.

Uko Tororo, mimi niko Malaba. Pita.

*Mzee wangu, rekoda niliyopewa ina triga nne tu. Nimeweka breki, rivasi na mlango. Ya nne nikaunganisha indiketa zote mbili. Sasa mteja akiwasha kushoto na kulia inawaka, akiwasha kulia na kushoto inawaka. Nifanyeje kabla hajarudi? — Fundi kijana, Koboko*

Kijana wangu, umejenga daraja. Nyaya mbili ukizikutanisha kwenye triga umezikutanisha gari zima. Umeme haujui kwamba wewe ulikusudia rekoda peke yake. Tafuta diodi mbili, zile nyeusi ndogo zilizoandikwa 1N4007. Moja iweke kwenye waya wa kushoto, moja wa kulia, mstari mweupe wa kila diodi uelekee rekoda, kisha ndipo uzikutanishe. Umeme utatoka kwenye indiketa kwenda rekoda na hautarudi. Chomelea kwa risasi, funika vizuri. Kusokota kwa vidole na kufunga tepu hakudumu kwenye barabara zenu.

Jambo la pili litakusumbua kesho. Indiketa inapepesa mara 60 hadi 120 kwa dakika, na rekoda isiyoambiwa kitu itaandika kila mpepeso kama tukio jipya. Kwenye menyu tafuta muda wa kushikilia triga, weka sekunde 2 au 3, ili mipepeso ihesabike kuwa jambo moja.

Ila kama gari ni lori, mimi nisingezichanganya. Ningeutoa mlango, nikaipa indiketa ya kushoto triga yake peke yake, na kuifunga na kamera ya ubavu wa kushoto ijaze skrini. Usukani wetu uko kulia, upofu wa dreva uko kushoto, na huko ndiko bodaboda anakojipenyeza. Tena wewe uko Koboko. Lori likivuka Oraba kuingia Sudan Kusini linahamia upande wa kulia wa barabara, usukani haujahama, na ule ubavu wa kushoto asiouona dreva sasa ndio unaotazama katikati ya barabara. Huko akitaka kulipita gari jingine anatoka kwa indiketa ya kushoto, anachungulia asichokiona. Hiyo kamera ataitaka.

*Fundi, mimi ni msimamizi wa mabasi. Tulipata ajali ndogo Jumanne, Ijumaa tukatafuta video, haipo. Kadi ni ya GB 256, muuzaji alisema inatosha wiki. Imejaa video za matuta. — Msimamizi, Mbale*

Muuzaji alipiga hesabu ya barabara isiyo na matuta. Kamera moja kwenye megabiti 2 kwa sekunde inakula GB 0.9 kwa saa. Kamera nne ni 3.6. Basi likitembea saa 14 ni kama GB 50 kwa siku, na kadi yako inashika siku 5 hivi kabla ya kuanza kufuta za zamani. Wiki nzima haifiki, ila Jumanne mpaka Ijumaa ungeipata.

Kilichokula nafasi ni kile kihisi cha mtikisiko. Nacho ni triga, ingawa hakina waya. Kimo ndani ya boksi. Kila kikishtuka kinaifungia video, na video iliyofungiwa haifutwi. Kama umeweka sekunde 15 kabla na 45 baada, kila shimo ni dakika nzima inayokaa pale milele, na mashine nyingine hufungia faili zima hata kama tukio ni la sekunde. Nafasi ya video za kawaida inabanwa kidogokidogo mpaka inabaki ya siku moja au mbili, na Jumanne yako ikafutwa kupisha Alhamisi.

Kihisi hupima pande tatu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Tuta na shimo vinapiga juu na chini. Upande huo punguza hisia sana, au uzime kama menyu inaruhusu. Mbele na nyuma acha, lakini pandisha kikomo kidogo: breki kali ya basi kwenye lami haifiki 1 g, yaani nguvu sawa na uzito wa kitu chenyewe, kwa hiyo kikomo kilicho juu ya hapo kitakuletea migongano na si madreva wenye haraka. Boksi lenyewe likazwe kwenye chuma cha gari. Nimekuta moja limefungwa kwa kamba ya katani chini ya kiti, linaruka kuliko abiria.

Na triga ambazo hukuzitumia, zizime kwenye menyu. Waya mtupu unaoning'inia nyuma ya dashibodi utagusa kitu siku moja.

*Fundi, nina gari la shule. Nataka kitufe cha dharura ambacho matroni atabonyeza kukiwa na tatizo na video ifungiwe. Je, niruhusu na sauti irekodiwe? — Mama mwenye shule, Mukono*

Mama, kitufe kiwe cha kubonyeza na kuachia, kiwekwe pale mkono wa matroni unapofika akiwa amekaa, lakini goti la mtoto lisifike. Mtoto akikigundua siku ya kwanza, wiki nzima itakuwa dharura.

Mwambie fundi wako kitufe kipeleke athi kwenye triga, na menyu iwe "chini", mashine yako ikiwa inaushikilia waya juu kwa ndani. Kama haiushikilii, aweke rezista ya kilo-omu 10 kutoka kwenye chanya inayowaka na ufunguo. Nina sababu. Waya unaopita chini ya viti vya watoto utakwaruzwa siku moja. Ukiwa wa athi na ukagusa bodi, utapiga alamu ya uongo na mtajua asubuhi hiyohiyo. Ukiwa wa chanya, utaunguza fyuzi kimya, na kitufe kitakuwa pambo mpaka siku atakapokihitaji. Hata ukiwa wa athi unaweza kukatika bila kelele, kwa hiyo kila Jumatatu kabla ya gari kuondoka matroni akibonyeze na aone alama kwenye skrini.

Sauti ningeiacha. Uganda tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na habari za mtoto inazitakia ridhaa ya mzazi au mlezi. Waandikie wazazi barua kwanza, hata kwa picha peke yake, na ubandike tangazo mlangoni mwa gari kwamba kuna kamera.

Dreva wa Fuso, nimekukumbuka tena: ukija, njoo jua likizama. Mchana gari lako halina ugonjwa.